Msalaba Ndani ya Darubini

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi wadogo zetu mnaokalia madawati yetu hivi sasa, Jumamosi moja kamati ya mkutano wetu ilikutana barazani kwangu, Goba. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, aliyefuatana na mwalimu wake, aliona darubini ya bunduki niliyoiweka juu ya kabati la vitabu. Akaomba ruhusa, akaielekeza kwenye vilima vya ng'ambo, kisha akauliza: "Mzee, mbona mistari yake ni myembamba hivi? Mistari ipi ndiyo bora?" Siku ile ajenda zilikuwa nyingi nikamjibu kwa kifupi. Jibu kamili ni hili.

Mistari hiyo haikuanzia kwenye bunduki, bali kwenye nyota. Yapata mwaka 1640, Mwingereza aitwaye William Gascoigne, mtaalamu wa nyota, aligundua kwamba buibui amevuta uzi ndani ya darubini yake. Uzi ulikuwa umekaa mahali ambapo taswira hutua, naye akauona wazi pamoja na kile alichokuwa akikitazama. Akatambua kuwa akiweka nyuzi mahali hapo kwa makusudi, ataweza kuelekeza darubini kwenye nyota moja bila kukosea, na hata kupima ukubwa wa vitu vya angani. Gascoigne aliuawa vitani mwaka 1644, lakini wazo lake lilibaki. Kwa muda mrefu mafundi wa darubini waliendelea kutumia uzi wa buibui, kwa kuwa ni mwembamba na tena ni imara.

Darubini zilipofungwa juu ya bunduki, kila nchi ilichora mistari kwa kufuata mahitaji yake. Wajerumani waliwinda nguruwe mwitu misituni wakati wa machweo na hata kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa hiyo walipenda nguzo nene yenye ncha, ikisimama kutoka chini, na mihimili miwili pembeni. Uzi mwembamba ungemezwa na giza. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, darubini za wawindaji wa Kijerumani zilichukuliwa zikapelekwa kwenye mahandaki, na Waingereza wakalazimika kutafuta za kwao kwa haraka.

Walenga shabaha ya karatasi wana shida nyingine. Wao hupiga mchana, umbali unajulikana, na shabaha haitembei. Wanataka mstari mwembamba usiofunika kituo cha duara. Hata hivyo, katika michezo ya Olimpiki bunduki hazina darubini kabisa. Mlengaji hutazama kupitia vitundu na pete.

Huku kwetu historia ya kulenga kwa muda mrefu ilikuwa ya vyuma vitupu. Frederick Selous, aliyeuawa kwa risasi huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akiwa upande wa Waingereza, katika miaka ya 1870 aliwinda tembo kusini mwa Afrika kwa bunduki za kupakiwa baruti mdomoni, akiwasogelea karibu mno. Pori la akiba lilipewa jina lake, na sehemu kubwa ya pori hilo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaka zetu waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa kabla ya mafunzo ya lazima kusitishwa mwaka 1994 wanakumbuka pia: pengo la nyuma, kidole cha mbele, na sauti ya mkufunzi nyuma ya kisogo.

Mimi nilimaliza shule baada ya hapo. Nilipotoka chuo kikuu nikaajiriwa kuwa afisa wanyamapori katika wilaya moja ya kusini, nilijiona msomi wa vitabu na wa bunduki pia. Darubini hii niliinunua kwa fedha zangu. Kwenye karatasi, mchana, ilinipa sifa nyingi.

Kisha kijiji kimoja kikaleta taarifa ya kiboko aliyekuwa akila mpunga na kuwafukuza watu kivukoni. Tulimngoja hadi saa moja kasoro jioni. Nchi yetu iko karibu na Ikweta, giza huingia kama pazia. Kiboko alipotoka majini nikamtia ndani ya darubini. Mwili mweusi uliijaza, na msalaba wangu ukapotea. Ningeshusha bunduki. Sikushusha, nilikisia, nikafyatua. Kiboko akarudi mtoni akiwa amejeruhiwa.

Siku mbili kina mama hawakuthubutu kuchota maji pale. Siku ya tatu, alfajiri, askari wetu mzee alimmaliza kwa hatua kama ishirini, kwa bunduki ya .458 isiyo na darubini, yenye tone jeupe kwenye kidole cha mbele. Hakunikemea. Aliniuliza tu: "Bwana afisa, jana juzi ulikuwa unamwona kiboko, au ulikuwa unatafuta nyuzi?" Sikuwa na jibu. Darubini haikuwa na ubovu wowote; kosa lilikuwa langu.

Sasa nimjibu kijana wetu. Kwa shabaha ya karatasi, chagua msalaba mwembamba au nukta ndogo. Kwa pori na machweo, chagua mistari minene pembeni inayokuwa myembamba katikati, aina iliyoenea tangu miaka ya 1960 kupitia kampuni ya Leupold ya Marekani, au yenye nukta inayowaka. Kwa masafa marefu ipo mistari yenye vipimo: mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, na sentimita 30 kwa mita 300. Lakini angalia: katika darubini nyingine mistari hukua pamoja na taswira unapoongeza ukuzaji, na kipimo hubaki sahihi; katika nyingine mistari haibadiliki, na kipimo ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu. Na bila leseni ya silaha na kibali cha kuwinda, mazungumzo haya yaishie barazani.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kila mstari ulichorwa na mtu fulani, kwa mwanga wake na umbali wake. Kabla hujauazima, uliza ulichorwa kwa kazi gani. Na jioni ile ambayo huuoni, shusha bunduki, urudi kesho.