Dadu Ilipoanza Kupima Moyo

Mwaka 1969 David Wesely aliwaalika wenzake wa Minnesota, Marekani, kwenye mchezo wa vita vya enzi za Napoleon. Watu hao walizoea kusogeza vikosi vya vinyago vya askari juu ya meza na kurusha dadu kuamua nani kafa. Safari hii Wesely alimpa kila mmoja nafsi yake ya kuibeba katika Braunstein, mji wa kubuni wa Kijerumani: huyu meya, yule mwenye benki, mwingine kiongozi wa wanafunzi. Vita havijaanza, wachezaji wamekwisha kutawanyika pembeni, wananong'onezana na kupanga hila. Wesely aliona mchezo umemharibikia. Wageni wake wakataka tena.

Dave Arneson alikuwa katika kundi hilo. Yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, ndio waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974: vijitabu vitatu ndani ya kasha, nakala 1,000 kwa mara ya kwanza. Mchezaji anabeba mhusika mmoja, msimulizi anaeleza kilicho mbele yake, na jambo lenye shaka huamuliwa na dadu. Aina nzima ya michezo ilizaliwa hapo.

Ila mhusika mwenyewe alikuwa mkavu. Alikuwa na sifa sita, yaani nguvu, akili, busara, uimara, wepesi na mvuto, kila moja ikipatikana kwa kurusha dadu tatu, hivyo ikiangukia kati ya 3 na 18. Karatasi yake ilimpima kama daktari wa jeshi anavyompima kuruta. Kuhusu moyo, neno moja lilitosha: yu upande wa sheria, wa vurugu, au katikati. Wazo hilo lilitoka kwenye riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock. Kufikia 1978 wema na ubaya ulikwisha kuongezwa, na pande zikawa tisa. Hata zingekuwa tisini, zilisema mtu anapigania nani tu. Hazikusema atafanya nini akipewa hongo usiku.

Mabadiliko yalianza mwaka 1981, kwa njia mbili tofauti. Katika mchezo wa Call of Cthulhu, Sandy Petersen aliipa akili timamu namba inayopungua kila mhusika anapoona la kutisha, bunduki haimsaidii. Champions nayo iliingiza biashara: mchezaji akikubali dosari, kama vile adui anayemwinda au kiapo cha kutoua, analipwa pointi za kununulia uwezo. Hesabu ya ujanja, na yenye tundu. Malipo yalitolewa mwanzoni, kwa hiyo dosari ambayo msimulizi aliisahau ilikuwa mali ya bure.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Greg Stafford, mwanzilishi wa kampuni ya Chaosium ya California. Mwaka 1985 alitoa Pendragon, mchezo wa mashujaa wapanda farasi wa Mfalme Arthur. Aliandika kwenye karatasi jozi 13 za tabia zinazopingana: huruma na ukatili, ukarimu na uchoyo, ukweli na uongo, unyenyekevu na majivuno, ushujaa na woga, na nyinginezo. Jumla ya kila jozi ni 20, kwa hiyo mwenye huruma 16 ana ukatili 4, na upande mmoja hauwezi kupanda bila mwenzake kushuka.

Tuseme adui ameangusha upanga na anaomba roho yake. Mchezaji anaona faida ya kummaliza. Lakini huruma ya 16 ni ya mtu anayesifika kwayo, basi hana budi kurusha kwanza dadu ya pande ishirini. Ikitoka 16 au chini yake, adui anaachiwa. Ikizidi, anarusha kwa upande wa ukatili: 4 au chini, upanga unashuka. Zote mbili zikikataa, hapo ndipo mchezaji anaamua mwenyewe.

Wapo walionung'unika, hadi leo, kwamba dadu inampokonya mchezaji uhuru wake. Hoja ina uzito, lakini inasahau namba ile ilitoka wapi. Tabia iliyoonekana vitani huwekewa alama, na majira ya baridi yakifika hurushiwa dadu kuona kama imekua. Asiyeweza kumchinja aliyesalimu amri ni yule yule aliyesamehe mara nyingi huko nyuma. Hakuna mchezo wa wakati huo uliofunga matendo na tabia kwa fundo kama hilo.

Vampire: The Masquerade ya Mark Rein-Hagen, mwaka 1991, ilifuata njia laini zaidi: anayetenda kulingana na asili yake ya ndani hurudishiwa nguvu ya nia, na ambaye utu wake umefika sifuri anageuka mnyama na kumtoka mchezaji mikononi. Mwaka 2003 Rob Donoghue na Fred Hicks walitoa Fate, na humo tundu la Champions likazibwa. Mchezaji anaandika mwenyewe maneno yanayomweleza mhusika, mathalani kwamba hajui kukataa kamari. Halipwi kwa kuyaandika. Hulipwa pointi siku kamari inapomponza, naye ataitumia baadaye kujiokoa. Ghafla wachezaji wakawa wanajitakia balaa wenyewe, jambo ambalo wasimulizi walilihangaikia kwa miaka mingi.

Mwaka huo huo Paul Czege alitoa My Life with Master, ambamo watumwa wa bwana katili hupimwa kwa uchovu na kujichukia, bila kipimo chochote cha misuli.

Wakubwa walichelewa. Dungeons & Dragons ilisubiri hadi 2014 ndipo ikaweka majedwali ya hulka, maadili, vifungo na dosari, na kumruhusu msimulizi amtuze anayeyaigiza: dadu ya pande ishirini inarushwa mara mbili, kubwa inachukuliwa. Tuzo ilitegemea kumbukumbu ya msimulizi, udhaifu ule ule wa 1981.

Stafford alifariki mwaka 2018. Mwaka 2024 vitabu viwili vilitoka upya. Kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kiliyaacha majedwali yale; Pendragon ilizibakiza jozi zake zote 13.