Nyungu ya Usukumani na Mafuta ya Wawi

Historia ya mafuta ya mimea katika Afrika Mashariki huandikwa kuanzia pwani, kwenye karafuu, udi na marashi. Naiona ni nusu ya historia. Huku bara, kuanzia Kharumwa na vijiji vingine vya Nyang'hwale hadi Shinyanga, watu wametumia mafuta hayo vizazi na vizazi bila kuyatia chupani. Wameyapata kwa mvuke wa nyungu, yaani kwa kujifukiza.

Anayejifukiza hujaza sufuria majani ya mkaratusi, mchaichai na kivumbasi, akaifunika barabara na kuichemsha. Ikiiva huteremshwa, mgonjwa akaketi kigodani sufuria ikiwa mbele yake, akagubikwa blanketi hadi chini, kisha akafunua mfuniko kidogo kidogo. Mafuta yaliyohifadhiwa katika vijifuko vidogo vya jani, ambayo ukilipikicha vidoleni hunukia papo hapo, hupanda na mvuke hadi puani. Kivumbasi kilifanya kazi nyingine pia: kilichomwa jioni ili moshi wake ufukuze mbu, na mwaka 2008 watafiti wa kaskazini mwa Tanzania walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kweli mbu wa malaria huukimbia. Mkaratusi wenyewe ni mgeni kutoka Australia. Uliletwa ukapandwa, nasi tukauingiza kwenye nyungu kana kwamba ulikuwepo tangu enzi za mababu.

Walichoongeza wengine ni kuupoza mvuke huo na kuyakinga mafuta, kwa njia ileile inayotumika kupika gongo. Waarabu na Waajemi waliiendeleza sana kanuni hii, na huko Jabal Akhdar, Oman, maji ya mawaridi hutengenezwa hivyo hadi leo. Kwetu, mfano mkubwa ni kiwanda cha makonyo cha Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, kilichoanza mwaka 1982 na kinachomilikiwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hukenekwa hapo yakatoa mafuta yenye eugenoli nyingi. Ndiyo kemikali ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kutuliza na kuziba jino. Ni mafuta makali: tone kwenye pamba hutosha, na mtoto asiyanywe kamwe, kwani huweza kumharibu ini.

Shinyanga ilikaribia kupoteza sehemu yake ya urithi huu. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliongoza ufyekaji wa vichaka ili kumfukuza mbung'o. C. F. M. Swynnerton, aliyesimamia utafiti wa mdudu huyo, makao yake yalikuwa Shinyanga hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Baadaye mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikamaliza miti iliyosalia. Dawa nazo zikaenda pamoja na vichaka. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizojulikana zilikuwa na ukubwa wa hekta 600 hivi. Ngitili ni malisho yanayofungwa ili yaliwe wakati wa kiangazi, utaratibu wa Wasukuma wenyewe, na ndiyo maana mradi ulishika. Mwanzoni mwa karne hii zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta. Pamoja na nyasi, mitishamba ilirudi. Sijui kazi nyingine ya uhifadhi nchini iliyowaheshimu wenyeji kiasi hicho.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu ilisikika nchi nzima. Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato mkoani Geita, aliihimiza, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ikaweka vibanda vya kujifukizia. Ushahidi kwamba mvuke huo unaua kirusi haujapatikana. Unafungua pua, unamtoa mtu jasho, unampa nafuu, na kwa mgonjwa wa mafua hilo si jambo dogo.

Lakini nafuu hiyo huweza kudanganya, na hatari iko kwenye machimbo ya dhahabu. Anayeshinda kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, hupumua vumbi la mwamba lenye silika, na vumbi hilo likishakaa mapafuni mkaratusi hauliondoi. Mvuke wake humfanya mtu ahisi anapumua vizuri huku kifua kikizidi kuharibika. Upo na mvuke mwingine usio na harufu, ule wa zebaki inapochomwa ili dhahabu ibaki. Retorti inayoukamata mvuke huo na kuupoza hufuata kanuni ileile ya Wawi, na kila anayechoma dhahabu angepaswa kuwa nayo, tena achomee mbali na jiko la nyumbani.

Basi, ndugu mchimbaji, jifukize ukitaka, sufuria ikiwa mbali na watoto. Lakini ukikohoa kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu. Kipimo ni bure, na dawa zake ni bure.