Utomvu wa Papai na Mgongo wa Babu

Babu yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Alibeba magunia hadi mgongo ukakataa, akawa anashinda kibarazani kwetu Changamwe, mguu mmoja ukimwaka moto. "Ni baridi yabisi tu, mjukuu wangu." Wapi! Diski ya uti wa mgongo ilikuwa imechomoza, ikabana neva.

Uani palikuwa na mpapai. Bibi alichanja papai bichi, akapaka nyama ngumu utomvu wake, ikalainika. Kumbe utomvu huohuo, ukikaushwa, ulikuwa zao la kuuzwa ng'ambo kutoka Tanganyika na Uganda. Huenda Babu aliwahi kuubeba begani bila kujua.

Mwaka 1941, Jansen na Balls wa Marekani walitenga ndani yake kimeng'enya kiitwacho kimopapeini. Mwaka 1956, Lewis Thomas aliwadunga sungura papeini. Masikio yakalegea, yakalala, maana gegedu ililainika kama nyama ya Bibi. Mwaka 1963, daktari Lyman Smith akamdunga mgonjwa kimopapeini ndani ya diski. Diski ikinywea, neva inapumua, bila kupasuliwa.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo 1982. Lakini wapo waliopata mzio mkali, na wachache wakapooza. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa imetoka sokoni.

Babu hakuwahi hata kuisikia. Alizikwa akiwa amepinda, na mpapai bado unazaa. Siku hizi nikichanja papai, mkono huwa mzito kidogo.