Mohamed Amin na Picha za Bulyanhulu

Katika wapiga picha wa Afrika Mashariki, ninayemrudia mara nyingi ni Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi (1943) aliyekulia Dar es Salaam. Oktoba 1984 picha alizozipiga Korem, Ethiopia, zilirushwa na BBC, na dunia haikuweza tena kujifanya haioni njaa ile. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkatisha mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Ila kinachonivuta kwake si ushujaa, ambao husifiwa hadi ukachosha. Ni kule kuwahi: alifika ubishi ukiwa haujaanza.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama. Wanasheria wa LEAT walidai baadaye kwamba wapo waliofukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na wenye mgodi walikanusha. Kanda za video zilipotolewa, nazo zikabishaniwa uhalisi wake. Novemba 23 mwaka huohuo, Amin alifariki katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Leo wachimbaji wengi wa Geita na Shinyanga wana kamera katika simu. Picha zao huzunguka bila tarehe wala jina la mahali, na simu ikiharibika hutoweka. Vyuo vyetu na ofisi za wilaya zingeweza kuanza kuzikusanya sasa, kila moja na tarehe yake, pamoja na jina la duara ilikopigwa.