Kikuyu Mbili, Shilingi Moja

Nikimwambia Mkenya kwamba kwetu ni Kikuyu, hudhani niko jirani na Nairobi. Namjibu: Kikuyu ya Dodoma, bwana! Lakini zamani Kikuyu hizi mbili zilitumia shilingi moja. Bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ilikaa London, na benki kubwa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilikuwa zilezile: Barclays, Standard, National and Grindlays.

Bodi inaundwa, huku Ugogo kuna njaa kali, ile ya Mtunya. Benki ya Mgogo ilikuwa zizi, na mazizi mengi yalikuwa matupu. Benki za wakoloni zilihudumia biashara ya kupeleka mazao nje. Mfugaji hakuwa mteja wao. Ndiyo maana nikilinganisha benki za nchi zetu nauliza swali moja tu: zizi likiwa tupu, dirisha la benki liko wazi kwa nani?

Mwaka 1966 kila nchi ilifungua benki kuu yake, na njia zikaachana. Tanzania ilitaifisha benki Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, ikaunda NBC. Uganda ya Obote ilitangaza Mei 1970 kuchukua asilimia 60 ya makampuni makubwa, benki zikiwemo. Kenya ilichukua hisa kubwa za National and Grindlays, ikapata KCB, ikawaacha Barclays na Standard waendelee.

Vijiweni tunahukumu haraka: Wakenya walipatia, sisi tulichemsha. Hebu tulia kidogo. Kenya nako taasisi kadhaa za fedha zilianguka miaka ya 80, hadi 1989 serikali ikaunda Consolidated Bank kuokoa tisa kati yake. Ni kweli, NBC ililemewa na madeni ya mashirika ya umma yasiyolipika. Sheria ya 1991 ikaruhusu benki binafsi, na 1997 NBC ikagawanywa. Ila mgawanyo huo ndio ulioizaa NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Hasara ilikuwa kubwa, lakini madirisha yalibaki, tena mbali na Dar.

Kisha simu ikaja: M-Pesa ilianza Kenya 2007, kwetu 2008. Kikuyu zote mbili zikawa tena na kitu cha pamoja.

Bibi yangu ana laini ya simu, na ana mbuzi. Nilimshauri auze mbuzi, pesa aiweke kwenye simu. Akacheka: "Simu inazaa, mjukuu wangu?" Sikubishana. Lakini Mtunya ilimaliza hata waliokuwa na mifugo, na siku kama ile mbuzi peke yao hawatamtosha. Wala salio la simu peke yake. Atahitaji mtu wa kumkopesha, na mpaka leo dirisha hilo sijamwonyesha.