Chuma Nacho Huchoka

Zamani katika nchi ya Ufipa wahunzi walijenga matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, yaani malungu. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, pasipo mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo kikafuliwa majembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini majembe yake yalitufanya tukidhani chuma hakina mwisho.

Sivyo. Twaa waya, uukunje mara moja: haukatiki. Ukunje na kuukunjua mara nyingi, nao utakatika, ingawa mkono wako haukuongeza nguvu. Huko ndiko kuchoka kwa chuma. Ufa mdogo huanza mahali pamoja, nao huendelea kidogo kidogo pasipo kuonekana.

Watu walifundishwa jambo hili kwa msiba. Tarehe 8 Mei 1842, karibu na Versailles katika Ufaransa, ekseli ya garimoshi ilikatika. Mabehewa yalipandana, moto ukawaka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye Mjerumani August Wöhler alijaribu ekseli kwa miaka mingi, akaonyesha ya kuwa mzigo usioweza kuvunja chuma leo huweza kukivunja baada ya kurudiwa mara nyingi sana.

Elimu hiyo ndiyo inayolinda mitambo ya nyuklia. Mtambo ukiwashwa, mabomba yake ya chuma hupata moto na kutanuka. Ukizimwa, hupoa na kunywea. Ni kama kuukunja waya pasipo mkono. Mwaka 1998, huko Civaux katika Ufaransa, maji ya moto na ya baridi yalichanganyika penye kona ya bomba, joto likabadilika-badilika, hata bomba likapasuka na maji kuvuja. Nao mtambo ule ulikuwa mpya! Basi umri peke yake si kipimo. Tuhesabu pia marudio.

Kwa hiyo wahandisi huandika kila mara mtambo unapowashwa na kuzimwa, tena huchungulia ndani ya chuma kwa mawimbi ya sauti.

Nawe wa Milepa, ukiona ufa mwembamba katika uma wa baiskeli yako, usiseme, "Jana ilinibeba." Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa chuma haungoji siku ya kujenga.