Homoni ya Buffalo na Columbus, na Sisi Tuliohamia Huko



Watu wetu waliotawanyika Louisville, Columbus na Buffalo, wengi wao Wakongo, Warundi na Wasomali waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma na Dadaab, pengine hawajui kwamba miji miwili kati ya hiyo ina nafasi yake katika historia ya dawa ambayo huenda wanayo kabatini. Nasema kotizoni na ndugu zake: prednisoloni, deksamethasoni, na zile krimu za kujichubua. Hebu tuifuate historia hiyo, kwani ina la kutufaa.

Mwaka 1855, huko London, daktari Thomas Addison alieleza ugonjwa wa watu ambao tezi zao mbili zilizokaa juu ya figo zimeharibika. Walidhoofika, ngozi ikawa nyeusi zaidi, wakafa. Dawa haikuwepo. Katika miaka ya 1920, kwenye Chuo Kikuu cha Buffalo, Frank Hartman alianza kukamua maji ya ganda la tezi hizo. Mwaka 1927 yeye na wenzake walitangaza kuwa paka walioondolewa tezi waliishi muda mrefu zaidi wakidungwa maji hayo. Akayaita kotini. Katika miaka ya 1930 akahamia Chuo Kikuu cha Ohio State, Columbus, akaendelea na kazi ile ile. Alidhani ana homoni moja mkononi. Kumbe zilikuwa nyingi.

Moja yao ndiyo iliyotikisa dunia. Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo, Philip Hench alimdunga kotizoni mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini furaha haikudumu. Wagonjwa walianza kuvimba uso, mifupa ikalegea, sukari ikapanda. Watu wakajiuliza: inakuwaje dawa moja iguse mwili mzima?

Jibu ni kipokezi. Karibu kila seli ya mwili ina protini inayoisubiri homoni hii. Homoni inapenya ukuta wa seli, inashikana na kipokezi, kisha viwili hivyo vinaingia kwenye kiini na kukaa juu ya vinasaba. Hapo vinawasha jeni fulani na kuzima nyingine, zikiwemo zile zinazochochea uvimbe. Jeni ya kipokezi chenyewe ilisomwa mwaka 1985 katika maabara ya Ronald Evans, California. Sasa mnaona: kipokezi cha kwenye kiungo kinachouma ndicho hicho hicho cha kwenye mfupa na ini. Faida na madhara vinapita mlango mmoja.

Buffalo haikuishia kwa Hartman. William Jusko, wa chuo hicho hicho, ametumia miongo kadhaa kupima kwa hesabu jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, na akaonyesha kuwa zikizidi, vipokezi vyenyewe vinapungua. Columbus nako, mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walipima kidonda kidogo kwa wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa waliopoteza kumbukumbu. Kilichukua siku tisa zaidi kupona kuliko kwa wenzao wasio na mzigo huo. Baadaye John Sheridan wa hapo hapo akaonyesha kuwa panya walioonewa na wenzao walikuwa na seli za kinga zisizoisikia tena homoni. Kwa watu waliokimbia vita, jamani, hilo si jambo la panya tu.

Basi kwetu kuna mambo mawili. La kwanza ni mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli, ambayo madaktari huiwekea kikomo cha wiki mbili mfululizo. Mtu akijipaka miaka, tezi zake zinalala. Akiacha ghafla, anaweza kuangukia upungufu wa homoni unaofanana na ugonjwa wa Addison. Asiache kimyakimya: amweleze daktari, bila aibu.

La pili ni minyoo ya strongiloidi, inayoingia kupitia miguu pekupeku na kukaa mwilini miongo mizima bila dalili. Mtu akipewa prednisoloni kwa ajili ya pumu, kinga inashuka, minyoo inazaana na kusambaa, na huweza kuua. Daktari wa Kentucky anaweza asilifikirie hilo, maana haoni minyoo hiyo mara kwa mara. Ni juu ya mgonjwa, au mkalimani wake, kusema: "Nimetoka kambini, nipime kwanza." Wala asijinunulie dawa ya minyoo mwenyewe, kwani kwa waliotoka misitu ya Kongo wenye Loa loa, ivamektini ina hatari yake.

Sayansi hii imekaa miaka karibu mia katika miji tunayoishi, ila kwa Kiswahili haijafika jikoni kwetu. Nani ataifikisha kama si sisi tuliosomeshwa?

Wasalaam.